Benchi la Fundi: maswali ya wasomaji kuhusu kigeuzi kinachojichuja chenyewe

Shikamoo mama. Mimi ni fundi wa sola. Nimetengeneza bodi ndogo ya kufuatilia mkondo wa betri za pampu ya maji: shanti (rezista ndogo ya kupimia mkondo), ADC, yaani kigeuzi cha volti kuwa namba, ya ADS1115 niliyoiweka sampuli 860 kwa sekunde, na kompyuta ndogo ya ESP32 inayoandika namba moja kila sekunde kwenye kadi. Bodi inapata umeme kupitia moduli ya LM2596 inayoshusha volti 24 kuwa 5. Sasa karibu kila siku, kati ya saa nne na saa tano asubuhi, namba zinaanza kuyumba taratibu, ampea 2 juu, ampea 2 chini, kwa dakika kadhaa, halafu zinatulia zenyewe. Pampu haijabadilika. Nimebadilisha waya na shanti, wapi. Rafiki yangu anayesoma Dar es Salaam ananishauri nitafute ADC ya sigma-delta ya muda mfululizo, eti haihitaji kichujio mlangoni. Mbona hii yangu nayo ni sigma-delta? Na kitu kinachochukua sampuli kitawezaje kutodanganywa na masafa ya juu? Au ni maneno ya wauzaji tu?
*Fundi wa sola, Shinyanga*

Marahaba, mwanangu. Si maneno ya wauzaji. Rafiki yako kasema kweli, na ukweli huo ni mmoja kati ya mambo yaliyonifanya niipende kazi hii, kwa hiyo nitakuomba uvumilivu kidogo. Tuanze na ugonjwa wako.

LM2596 inawasha na kuzima swichi yake mara 150,000 hivi kwa sekunde. Mawimbi ya swichi yana kona kali, na kona kali huzaa mizidisho: kilohezi 300, 450, 600, na wa tano ni kilohezi 750. Upande wa pili, ADS1115 ndani yake inachukua sampuli mara 250,000 hivi kwa sekunde. Ile 860 uliyoiweka ni kasi ya kutoa majibu tu, baada ya kichujio cha kidijitali. Sasa zidisha 250 mara tatu. Unapata 750 ileile.

Saa zote mbili, ile ya swichi na ile ya sampuli, ziko ndani ya chipu, hazina fuwele, na zote hutembea kadiri joto linavyopanda. Jua likianza kulipasha boksi lako, mzidisho wa tano wa moduli unasogea, unapita jirani kabisa na mara tatu ya saa ya ADC, kisha unaendelea na safari yake. Ukifika kilohezi 750.1 wakati ADC iko kwenye 250 kamili, ADC inaona wimbi la hezi 100. Kichujio cha kidijitali hakina la kufanya hapo, maana wimbi lilipokifikia lilikuwa limekwisha kuwa la hezi 100. Halafu ESP32 yako inapokea namba 860 kwa sekunde, inaandika moja na kutupa 859. Huko nako ni kuchukua sampuli mara ya pili bila kichujio, ndiyo maana wimbi la hezi 100 limeishia kwenye kadi likiwa myumbo wa polepole.

Usiniamini kwa maneno. Siku bodi imetulia, puliza ile moduli kwa draya ya saluni, taratibu. Myumbo ukitokea saa tisa alasiri, umempata mhusika. Chipu zote mbili hazina kosa, zinafanya kilichoandikwa kwenye datashiti zake. Kilichokosekana ni kichujio kati ya shanti na ADC.

Sasa swali lako kubwa, na hapo nikupeleke Pangani. Nilipokuwa na miaka kama kumi, babu alinipa mti wenye alama za kukata kwa kisu, niusimamishe gatini kila siku saa sita mchana na kuandika maji yamefika alama ipi. Niliandika mwezi mzima. Daftari langu lilionyesha bahari inayopanda kwa wiki moja na kushuka kwa wiki nyingine, kutoka kujaa hadi kujaa siku 15 kasoro kidogo. Mtoto yeyote wa pwani anajua maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Lakini kila siku yanachelewa dakika kama 50, na mimi nilikuwa nachungulia mara moja tu, saa ileile. Bahari ya haraka iliingia daftarini ikiwa imevaa nguo za bahari ya polepole. Hiyo ndiyo aliasi, na hakuna hesabu utakayoifanyia daftari lile ikakurudishia bahari ya kweli.

Fikiria mtoto mwingine ambaye hachungulii. Anakaa gatini saa 24 akijumlisha kimo cha maji bila kukatiza, na ikifika saa sita mchana anaandika wastani wa siku nzima. Kwa siku moja maji hukamilisha karibu mizunguko miwili, 1.93 kwa hesabu yangu, kwa hiyo yaliyopanda yanafutwa na yaliyoshuka. Mahali ambapo mimi niliona bahari ikipanda na kushuka mita 3, yeye ataona kama sentimita 10. Kumbuka hajapima mara nyingi kuliko mimi. Ameandika namba moja kwa siku, kama mimi.

ADS1115 ni mimi wa gatini. Mlangoni kwake kuna kapasita na swichi: swichi inafunga, kapasita inashika volti iliyopo wakati huo, swichi inafungua. Lolote lililokuwa likipita kwa kasi limeshikwa hapohapo, kabla ya kitu kingine chochote kutokea. Modyuleta ya muda mfululizo, yaani moyo wa ile ADC anayoisema rafiki yako, ni yule mtoto wa pili. Ishara inaingia kwa rezista kwenye kilimbikizi, yaani opampu (kikuza volti) yenye kapasita ya mrejesho, inayojumlisha bila kukatiza. Swichi ya sampuli iko baada ya kilimbikizi, pale kwenye kwantaiza, sehemu inayogeuza volti kuwa namba.

Wengi wakieleza huishia hapo, wanasema kilimbikizi ni kichujio, basi. Mimi naona hapo ndipo utamu unapoanza, kwa sababu kilimbikizi peke yake ni kichujio dhaifu. Tuchukue modyuleta ya kilimbikizi kimoja yenye saa ya megahezi 6.144, nasi tunataka ishara za kuanzia sifuri hadi kilohezi 48. Mvamizi, yaani wimbi tusilolitaka, aliye mbaya kuliko wote yuko megahezi 6.096, kwa kuwa akikunjwa, yaani akigeuzwa na sampuli kuwa wimbi la polepole, anatua kwenye kilohezi 48, ukingoni mwa nyumba yetu. Kilimbikizi kinampunguza mara 6 tu. Mara 6 si kitu, hata rezista na kapasita ya mtaani ingefanya hivyo.

Anachukuliwa sampuli, anakunjwa, anakuwa wimbi la kilohezi 48. Lakini tazama yuko wapi wakati hayo yanatokea. Yuko ndani ya mzunguko, mlangoni pa kwantaiza, mahali palepale ambapo kosa la kwantaiza huzaliwa. Kwantaiza ya biti moja ni kipimo kikali mno, inajua juu na chini tu, na kosa lake ni kubwa. Modyuleta nzima imejengwa kwa ajili ya kulishughulikia kosa hilo: jibu linarudishwa mlangoni kwa DAC ya mrejesho, inayogeuza namba kuwa volti tena, linatolewa kwenye ishara, tofauti inalimbikizwa, na kosa linasukumwa kwenda masafa ya juu ambako kichujio cha kidijitali kitalifuta. Mzunguko hauna njia ya kujua kosa hili limetoka kwenye kwantaiza na lile limetoka kwenye kukunjwa. Yote mawili yamezaliwa mlango mmoja, na yote mawili yanafukuzwa kwa nguvu moja. Kwenye kilohezi 48 nguvu hiyo ni mara 20 hivi. Sita mara ishirini na kitu, ukifanya hesabu kamili, inatoa 127, sawa na desibeli 42. Kazi kubwa imefanywa na mrejesho.

Na mvamizi akikaa megahezi 6.144 kamili, anatua sifuri, mahali ambapo mzunguko una nguvu isiyo na mwisho, kwa hiyo haonekani kabisa kwenye jibu. Shimo hilo linajirudia kwenye kila mzidisho wa saa. Saa ikitembea, shimo linatembea nayo. Kichujio cha nje, hata ukilipia kapasita za bei gani, hakikufuati hivyo.

Nilipoliona jambo hili kwa mara ya kwanza nilikuwa Uholanzi, kwenye maabara ya kupima saketi. Niliingiza sine kali kwenye masafa ya saa kamili, nikatazama spektra kwenye kompyuta, pakawa patupu. Nikachomoa waya nikaupima kwa mita, nikijua umekatika. Ulikuwa mzima. Nikasogeza jenereta kilohezi 10, kinukta kidogo kikachomoza kwenye kilohezi 10. Nikakaa mpaka usiku nikisogeza mbele na nyuma, nikichora shimo lile nukta kwa nukta kwenye karatasi. Karatasi ninayo mpaka leo.

Ukiweka vilimbikizi viwili mfululizo, ishara ikavipitia vyote, mara 127 inakuwa 127 mara 127: desibeli 84. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini watengenezaji wa vipokezi vya simu na vifaa vya maabara wanaing'ang'ania aina hii. Wala si mpya. Inose, Yasuda na Murakami wa Chuo Kikuu cha Tokyo walipoandika kuhusu delta-sigma (ndiyo hiyohiyo sigma-delta) mwaka 1962, saketi yao ilikuwa ya muda mfululizo. Kapasita za swichi zilikuja kutawala baadaye kwa sababu ndani ya chipu uwiano wa kapasita mbili hutoka sahihi kuliko zao la rezista na kapasita. Leo zote mbili zinauzwa. Analog Devices kwa mfano wana AD7134, njia nne, biti 24, na datashiti yake inataja aliasi iliyopunguzwa kwa zaidi ya desibeli 100 bila kichujio cha nje.

Lakini wewe, mwanangu, usiinunue. Una shanti na betri. Weka rezista ya omu 100 kwenye kila waya wa shanti na kapasita ya mikrofaradi 1 kati ya pini mbili za ADC, karibu na pini kadiri mkono wako unavyoweza. Kwenye kilohezi 750 hesabu inakupa punguzo la mara 900 na zaidi, na makosa yanayoletwa na rezista hizo kwenye kipimo chako hayafiki moja kwa elfu. Kisha badilisha programu: jumlisha zile namba 860 uandike wastani wake, usitupe hata moja.

Mwalimu, habari za kazi. Ninafanya mradi wa mwaka wa mwisho, modyuleta ya muda mfululizo yenye vilimbikizi viwili. Niliiga miundo miwili kwenye kompyuta. Wa kwanza, mrejesho unaingia kwenye kila kilimbikizi. Wa pili, mrejesho unaingia cha kwanza tu, na kuna njia ya mkato inayotoka kilimbikizi cha kwanza hadi kwa kwantaiza. Uundaji wa kelele, yaani kulisukuma kosa la kwantaiza kwenda masafa ya juu, ni sawasawa kabisa kwa miundo yote miwili. Lakini nikijaribu aliasi, wa kwanza unanipa desibeli 84 na wa pili karibu 65. Msimamizi wangu anadhani nimekosea namba. Nimezirudia mara nne.
*Mwanafunzi wa uhandisi, Eldoret*

Habari ni njema, na hukukosea. Mpelekee msimamizi wako hesabu hii kwa heshima.

Kwantaiza anaona mzunguko uleule kwa miundo yote miwili, ndiyo maana kelele zinalingana. Mvamizi anaona barabara tofauti. Kwenye muundo wa kwanza hana namna, lazima avipitie vilimbikizi vyote viwili. Kwenye wa pili anapata njia ya mkato, na kwa masafa ya juu mkato ndio barabara kuu. Kama umetumia DAC inayoshikilia jibu kwa kipindi kizima cha saa, na sifuri zote mbili za kelele zako ziko kwenye masafa sifuri, basi mkato wako una uzito wa 1.5. Kwenye mvamizi wa mwisho wa ukingo, ukiwa na sampuli mara 64 ya kiwango cha chini, njia ya mkato inabeba mara 9.4 ya kile kinachobebwa na njia ndefu. Mara 9.4 ni desibeli 19 na nusu hivi. Toa kwenye 84.

Kuna jambo la pili ambalo hukuliuliza, nami lingeniuma kama ningenyamaza. Kwenye muundo huo wa mkato, chora jinsi ishara ya mlangoni inavyofika kwenye jibu, kuanzia sifuri hadi kwenye saa. Kabla ya kuanza kushuka inapanda. Kwa namba zako kilele kiko karibu na theluthi ya masafa ya saa, na pale ishara inakuzwa zaidi ya mara mbili. Mvamizi aliyekaa hapo hakunjwi, wala hagusi ishara yako, na kichujio cha kidijitali kitamfuta. Ila njiani anakula nafasi ya kwantaiza, na akizidi, modyuleta inafurika, na modyuleta iliyofurika haichuji chochote. Watu hupima shimo kwenye masafa ya saa, wakafurahi, wakasahau kilima kilicho katikati. Pima vyote viwili.

Usiutupe muundo wa mkato kwa sababu hiyo. Unahitaji DAC moja tu iliyo sahihi, vilimbikizi vyake havipandi juu sana, na umeme unaokula ni mdogo. Mimi ningeuchagua kwa kipima moyo kinachovaliwa mkononi. Kwa kipokezi kilicho jirani na mnara wa redio ningechagua wa kwanza.

Ukiiga, hakikisha hatua za kompyuta ni fupi mno kuliko kipindi cha saa. Ukiiga kwa hatua moja kwa kila saa, umeshachukua sampuli mlangoni kabla ya kuanza, na shimo hutaliona.

Na kama mradi utafika kwenye chipu, chunga aina ya DAC. Wapo wanaoweka DAC ya kapasita za swichi kwenye mrejesho ili saa inayotetereka isiwaharibie kipimo. Ni sababu nzuri. Lakini kapasita hiyo inamwaga chaji kwa kishindo kwenye mlango wa opampu, na volti ya mlango, ambayo ilitakiwa itulie, inaruka kwa mdundo wa saa. Ishara inayoingia inachanganyika na mdundo huo palepale kwenye rezista ya kuingilia, kabla ya kilimbikizi. Shanthi Pavan wa IIT Madras, India, alilichambua hili mwaka 2011 na kuonyesha jinsi linavyoila kinga dhidi ya aliasi. Ukilinganisha na niliyomweleza fundi wa Shinyanga utaona mantiki ni ileile: kosa lililozaliwa kwa kwantaiza linafukuzwa, lililozaliwa mlango wa kuingilia linapokelewa kama mgeni halali, kwa sababu mzunguko kazi yake ni kuleta kwenye jibu kila kilicho mlangoni.

Assalamu alaykum mwalimu. Ninarekodi kasida kwenye majlisi hapa Muscat kwa rekoda niliyoiunda mwenyewe. Niliambiwa ADC yangu ni ya muda mfululizo, nikatoa vichujio vyote vya mlangoni. Sasa simu ya mtu ikiwa karibu na ikashika mtandao wa 2G, rekodi inajaa mngurumo. Je, hiyo ni aliasi imepenya?
*Msomaji, Muscat*

Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Hapana, na unaweza kuthibitisha kwa sikio. Simu ya 2G inarusha mawimbi kwa mafungu, mafungu 217 kila sekunde. Ukipima mngurumo wako utakuta hezi 217 na mizidisho yake. Mawimbi yenyewe ni ya mamia ya megahezi, opampu ya kwanza haiwezi kuyafuata, inayapindisha, na kwa kuyapinda inatoa umbo la yale mafungu. Hezi 217 imezaliwa mlangoni, mbele ya kilimbikizi, kwa hiyo modyuleta inaileta kwenye jibu kwa uaminifu uleule inaoiletea sauti ya msomaji wa kasida.

Rudisha kichujio kidogo. Pikofaradi 100 kutoka kila pini ya kuingilia hadi ardhi, na shanga ya feraiti kwenye kila waya wa maikrofoni pale unapoingia boksini. Ardhi ya kapasita hizo iwe fupi. Ukiivuta kwa waya wa sentimita tano, kwa masafa ya simu ni kama hujaiweka.